Kisa cha Blue Boy: barua ya siri ya 1847 iliyofika dola milioni moja, tuipigie hesabu

Mtu akisikia stempu ya Marekani imeuzwa zaidi ya dola milioni moja anauliza kwani ina nini, na jibu analopewa mara nyingi ni fupi mno, eti iko moja tu duniani. Jibu hilo halitoshi kabisa. Vitu ambavyo viko kimoja kimoja vimejaa dunia nzima na hakuna anayetoa hata senti kuvinunua. Nataka tuchukue kava moja tu, ile inayoitwa Blue Boy ya mji wa Alexandria, tuipekue mpaka chini tuone bei yake imejengwa na nini hasa, afu tuangalie pia mbona bei kubwa na faida kubwa ni vitu viwili tofauti, maana hapo ndo watu wengi wanapigwa.

Nikisema kava namaanisha bahasha au barua iliyokunjwa ikiwa nzima kama ilivyopita posta, na stempu yake, mihuri yake, anwani yake, na maandishi yoyote ambayo makarani au wenyewe waliweka juu yake. Sio stempu peke yake iliyobanduliwa. Hii tofauti ishikeni, kisa chote kimesimama hapo.

Sasa twende Marekani ya miaka ya 1840. Kabla ya hapo kutuma barua kulikuwa ghali na hesabu yake ilikuwa inachanganya, posta walikuwa wanahesabu karatasi ngapi ziko ndani na zinaenda umbali gani, na mara nyingi anayelipa ni anayepokea sio anayetuma. Bunge lao likapitisha sheria mwezi Machi 1845, ikaanza kazi Julai 1 mwaka huohuo, kwamba barua isiyozidi nusu wakia inakwenda kwa senti 5 mpaka maili 300, zaidi ya hapo senti 10. Bei ikawa rahisi kueleweka, ila serikali yenyewe haikuchapa stempu yoyote mpaka Julai 1, 1847, zilipotoka mbili za kwanza za nchi nzima, Franklin ya senti 5 na Washington ya senti 10.

Kwa hiyo kuna miaka miwili hapo katikati ambayo bei ipo na stempu hakuna. Baadhi ya mapostamasta, yaani wakuu wa posta za miji, wakaamua kutengeneza za kwao, kila mmoja na mji wake, ili mtu aweze kulipia barua mapema hata kama dirisha la posta limefungwa. New York postamasta Robert Morris alichapisha yenye sura ya Washington kwa wachongaji wazuri kabisa. St. Louis waliweka dubu wawili. Baltimore, James Buchanan (sio yule aliyekuja kuwa rais, ni mwingine) aliweka saini yake. Hizi ndo wakusanyaji wanaita stempu za muda za mapostamasta, na kwangu mimi hakuna eneo tamu kama hili kwenye stempu za Marekani, kwa sababu kila moja ni akili ya mtu mmoja na mji mmoja, hakuna wizara nyuma yake.

Alexandria postamasta alikuwa Daniel Bryan. Yake haina sura ya mtu, haina urembo wa kuchonga, ni herufi za kawaida za mpiga chapa, duara lenye jina la mji na neno la posta, pembeni yake vimaua vidogo vimezunguka, katikati imeandikwa kwamba imelipwa na namba 5. Wino mweusi. Karatasi yake ni rangi ya kaki iliyopauka. Zinazojulikana zote ni saba, sita za kaki na moja imechapwa kwenye karatasi ya bluu, hiyo moja ndo Blue Boy, na mpaka leo haijabanduliwa kwenye kava yake.

Halafu kuna watu wenyewe. Novemba 1847 kijana anaitwa James Wallace Hooff wa Alexandria alimtumia barua msichana anaitwa Jannett H. Brown aliyekuwa Richmond, Virginia. Walikuwa binamu wa daraja la pili na walikuwa wanapendana kwa siri, familia zao zilikuwa za madhehebu tofauti, upande mmoja Presibiteri upande mwingine Episkopali, na enzi hizo hilo lilikuwa jambo zito nyumbani. Mwisho wa barua yake Hooff aliandika achome, kama kawaida.

Hebu tulieni kidogo hapo kwenye kama kawaida. Maana yake hii haikuwa barua ya kwanza, na zile za kabla yake zilienda motoni. Watu wakiongelea uadimu huwa wanafikiria idadi iliyochapwa, wachapishaji walitoa ngapi, lakini kwenye mambo ya karne ya 19 idadi iliyochapwa inakuambia kidogo sana, kinachoamua ni ngapi zimepona, na kupona kunategemea tabia za watu, nani alichoma, nani alitunza, nani alihama nyumba akatupa makaratasi. Zile Franklin za senti 5 za 1847 zilitoka zaidi ya milioni 3, na leo iliyotumika yenye afya ya wastani unaipata kwa dola mia kadhaa tu, kwa sababu mabiashara makubwa walikuwa wanatunza barua zao kwa miaka kama kumbukumbu za mahesabu. Barua za mapenzi ya siri hazitunzwi kwenye kabati la ofisi.

Jannett hakuichoma hii. Waliishia kuoana mwaka 1853, wakapata watoto, na mwaka 1907 binti yao akaikuta kwenye kisanduku cha mama yake cha kushonea. Kilichofuata ndo kinanifurahisha kuliko vyote, hakuibandua stempu. Miaka ile ilikuwa kawaida kabisa mtu kuloweka bahasha kwenye maji au kukata kipande cha kona chenye stempu, bahasha ikatupwa, wakusanyaji wenyewe walikuwa wanafanya hivyo kwa sababu albamu zao zilikuwa na visanduku vya stempu tu. Ikauzwa nzima, kwa dola 3,000, na kwa 1907 hiyo ilikuwa hela nzito sana.

Tufikirie kama angeiloweka. Ungebaki na kikaratasi cha bluu chenye herufi nyeusi za mpiga chapa wa kawaida, kitu ambacho mtu mwenye mashine ndogo ya chapa na karatasi kuukuu angeweza kujaribu kukiigiza. Mtaalamu yeyote angekuuliza, nitajuaje kwamba hii sio moja ya zile za kaki imebadilishwa rangi? Rangi ya karatasi na wino inaweza kubadilishwa kwa kemikali, mwanga au unyevu, na kuna stempu nyingi sana za rangi adimu ambazo zikipimwa zinaonekana ni za kawaida zilizoharibika. Kava ndo inajibu swali hilo. Kuna tarehe ya posta, kuna anwani, kuna watu wawili wanaojulikana kwa majina kwenye kumbukumbu za familia, kuna binti yao aliyeitoa kwenye vitu vya mama yake. Huo mnyororo huwezi kuutengeneza mezani.

Kuna swali lingine ambalo mtu makini lazima aulize, na mimi huwa nafurahi mtu akiuliza mwenyewe bila kuambiwa. Kama stempu za serikali zilitoka Julai 1847, mbona hii ya postamasta imetumika Novemba 1847? Si ilikuwa imeshapitwa? Mtu mwenye haraka atasema hapo pana harufu mbaya. Ila angalia posta ilivyokuwa inafanya kazi. Kubandika stempu hakukuwa lazima, sheria ya kulazimisha kulipa kabla ilikuja 1855 na stempu zenyewe zikawa lazima 1856. Watu waliendelea kulipa taslimu dirishani na karani anagonga muhuri wa kulipwa. Ile karatasi ya Bryan kimsingi ni risiti kwamba senti 5 zimeshapokelewa, na aliyezipokea ni posta hiyohiyo inayopeleka barua, sasa postamasta akatae risiti yake mwenyewe kwa nini? Ikichukuliwa hivyo, tarehe haiharibu kitu, tena inaongeza, kwa sababu ni ushahidi wa jinsi mambo yalivyoendelea kwenye mji mmoja mdogo wakati utaratibu mpya unaingia polepole.

Na bei iliyolipwa inakubali. Alexandria mpaka Richmond ni kama maili 100, iko ndani ya zile 300, senti 5 ni sahihi. Hiki ni kipimo cha kwanza ambacho napenda kila mtu akitumie kwenye kava yoyote ya Marekani ya enzi hizo kabla hata ya kushika katalogi (kitabu cha orodha ya stempu na bei zake): je, kiasi kilicholipwa kinaendana na umbali, uzito na tarehe? Waghushi wengi wanaanguka hapohapo. Wanapata bahasha halisi ya zamani isiyo na stempu, wanabandika stempu halisi ya bei mbaya, wanachora nusu ya muhuri juu yake, alafu wanasahau kwamba mwaka huo barua ya kwenda mji huo ilikuwa inalipiwa tofauti. Baada ya hesabu ndo unaangalia muhuri umeshika pande zote mbili au la, yaani wino umeanzia kwenye stempu ukaendelea kwenye bahasha bila kuruka. Ukiwa na kioo cha kukuza utaona wino ulivyoingia kwenye nyuzi za karatasi, muhuri wa kweli mstari wake unapita ukingo wa stempu na kushuka, uliochorwa baadae mara nyingi unasita pale ukingoni au unabadilika weusi.

Turudi kwenye bei. Kutoka kwa familia Blue Boy ilipita kwa wakusanyaji wakubwa, George Worthington wa Cleveland, baadae Alfred Caspary wa New York, majina ambayo kwenye stempu za Marekani yakiwa kwenye historia ya kitu, mnunuzi anapumua vizuri. Mwaka 1981 ikauzwa kupitia dalali wa stempu David Feldman kwa dola milioni 1. Ikaja kuwa kwenye mkusanyiko wa Erivan Haub, tajiri wa Kijerumani wa biashara ya maduka, na baada ya yeye kufariki 2018 mkusanyiko ukaanza kupigwa mnada, Blue Boy ikaenda Juni 2019 New York kwenye mnada wa kampuni ya H.R. Harmer, dola milioni 1.18, na hapo kamisheni ya mnunuzi iko ndani.

Magazeti yaliandika kama habari ya ushindi. Ila tupige hesabu. Kutoka dola 3,000 za 1907 mpaka milioni 1 ya 1981 ni miaka 74, hiyo ni kama asilimia 8 kwa mwaka, na ni nzuri sana. Kutoka 1981 mpaka 2019 ni miaka 38, milioni 1 mpaka milioni 1.18, ni chini ya nusu asilimia kwa mwaka. Na hiyo ni kabla ya kutoa mfumuko wa bei. Milioni moja ya 1981 ilikuwa na nguvu ya kununua sawa na kama milioni 2.8 ya 2019. Yaani kwa thamani halisi kava ilipoteza zaidi ya nusu, ikiwa mikononi mwa watu wanaojua kutunza, bila kuchanika wala kufifia. Na mwaka 1981 huohuo hatifungani za serikali ya Marekani zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 10. Hapo sijahesabu bima, sefu, na kamisheni ya dalali.

Kwa nini imekuwa hivyo? Kwa sababu ya lini ilinunuliwa. Miaka ya 70 dola ilikuwa inaliwa na mfumuko wa bei, watu wakakimbilia dhahabu, sanaa, stempu, chochote kinachoshikika, na bei za stempu zikapanda kwa kasi ya ajabu mpaka karibu 1980, ndo zikaanguka. Milioni moja ya Blue Boy ilikuwa bei ya kileleni. Nalisema hili kwa uchungu kabisa kwa sababu kuna watu wanauziwa stempu kama uwekezaji, wanaoneshwa grafu ya kutoka 1907, na hawaoneshwi kipande cha 1981 kwenda mbele. Ukinunua kava nunua kwa sababu unaitaka na unaielewa, hela ya ada ya mtoto usiiweke huku.

Sasa wengine watasema kama iko moja tu mbona isipande milele. Ndo maana nataka tuilinganishe na stempu nyingine, ile Z grill ya senti 1. Miaka ya 1860 posta ya Marekani ilikuwa na hofu kwamba watu wanafuta muhuri kwenye stempu na kuitumia tena, Charles Steel akaja na njia ya kuigandamiza stempu itokeze vijinundu ili wino wa muhuri uzame kwenye karatasi usifutike. Wakusanyaji wakayapa maumbo ya vijinundu hivyo herufi, na umbo la Z kwenye Franklin ya senti 1 zinajulikana mbili tu. Moja ni ya New York Public Library, haiuzwi. Nyingine iliuzwa 1998 kwa dola 935,000 kwa kampuni ya stempu ya Mystic Stamp, mwaka 2005 kampuni hiyo ikabadilishana na mkusanyaji tajiri Bill Gross kwa zile stempu nne zilizoshikana, zenye picha ya ndege iliyochapwa kichwa chini kwa makosa, alizozinunua karibu milioni 3, na Juni 2024 mkusanyiko wa Gross ulipopigwa mnada na kampuni ya Siegel ikaenda kwa dola 4,366,000.

Angalia, Z grill zipo mbili, Blue Boy ipo moja, na Z grill ni bei zaidi ya mara tatu. Kama uadimu ndo ungekuwa kila kitu ingekuwa kinyume chake. Kinachofanya kazi pale ni kwamba anayetaka kumaliza stempu zote za Marekani za karne ya 19 hawezi kumaliza bila Z grill, na inayopatikana sokoni ni hiyo moja, kwa hiyo kila tajiri mwenye ndoto hiyo lazima apite mlango huo. Blue Boy inawindwa na watu wachache zaidi, wale wa stempu za mapostamasta na wale wanaopenda historia ya posta, na ushindani ukiwa mdogo bei haipandi hata kitu kiwe kizuri vipi. Mnada unahitaji watu wawili wenye hela siku moja. Mmoja hata awe na mabilioni ataichukua kwa bei ya yule aliyekata tamaa mapema.

Binafsi naona Blue Boy ndo kitu kikubwa zaidi kati ya hivi viwili. Z grill kuitambua unahitaji kupima vijinundu kwa kioo, na vijinundu vya kughushi vimekuwepo tangu zamani, bila cheti cha wataalamu kwamba ni halisi huna kitu. Blue Boy hata mtoto ukimsomea kisa chake ataelewa ameshika nini.

Kuna hatari moja ambayo bei ya kitu cha aina hii inaibeba muda wote, nayo ni kutokea nyingine. Sio hadithi. Mwaka 1895 kwenye jengo la mahakama Louisville, Kentucky, makaratasi ya zamani yalikuwa yanatakiwa kuchomwa, ndani yake zikakutwa stempu 137 za wale dubu wa St. Louis. Mia moja thelathini na saba kwa mpigo, za kitu ambacho watu walikuwa wanahesabu moja moja! Alexandria ya bluu ya pili haijatokea tangu 1907, na hilo kama kawaida la Hooff linanifanya niamini kwamba zilizokuwepo zilishakuwa majivu kwenye jiko la nyumba fulani Richmond.

Kwa ndugu zetu mlioko Marekani ambao mnapita kwenye minada ya vitu vya marehemu na masoko ya mitumba wikiendi, boksi la barua za zamani likikatiza mbele yenu msibandue kitu, msikate kona, msitenganishe barua na bahasha yake hata kama bahasha imechakaa. Nyingi zitakuwa zile za Washington ya senti 3 za miaka ya 1860, dola chache tu, na hilo ni sawa. Ila tazameni miji, tarehe, viwango, na zile zisizo na stempu kabisa pia, maana kabla ya stempu mihuri ndo kila kitu. Kumbukeni meli za Salem, Massachusetts zilikuwa zinafanya biashara Zanzibar tangu kabla ya 1840, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika pale 1837, na barua zilirudi Salem kwa meli za biashara bila stempu yoyote. Barua kama hiyo ikiwa na mji na tarehe ni historia yetu pia. Ukiona kitu kinachokupa wasiwasi wa kheri, kipeleke kupata cheti, Philatelic Foundation ya New York iko tangu 1945 na American Philatelic Society nao wana huduma hiyo, alafu bei usiitoe kwenye katalogi, itoe kwenye matokeo ya minada ya vitu vinavyofanana na chako kwa hali yake.

Na Blue Boy ikirudi mnadani leo? Baada ya kuona hela zilizomwagwa kwa Gross 2024 naamini ingevuka ile 1.18, ningeiweka kati ya milioni moja na nusu na mbili, kwa sharti kwamba kuna angalau wakusanyaji wawili wa mapostamasta ukumbini wenye ubavu huo. Akiwa mmoja tu, itarudi palepale kwenye milioni.